Mkuki wa Onyiego

Kisumu,
2 Machi 2025

Kwa Shangazi Nyakerario,

Natumai barua hii imekukuta barazani kwenye kiti chako, kikombe cha chai mkononi na redio imezimwa kwa kuwa siku hizi haikufai. Mimi sijambo. Mama yuko salama kule Nyamache. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike, na mama amemwita Linda, jina la yule jirani asiyenyamaza. Nimemwonya asimwite kwa sauti jirani akiwa karibu.

Najua utauliza mbona sikupiga simu. Nilipiga mara tatu. Mara ya tatu ulisema "Haloo" mpaka salio likaisha, kisha Bosire wa duka la dawa za mifugo akaniandikia kwamba umesema masikio yako yamestaafu kama ulivyostaafu ualimu, na anayetaka kuzungumza nawe ashike kalamu, aandike Kiswahili kilichonyooka, si vile viherufi vya simu vilivyo kama punje za wimbi. Basi nimeshika kalamu. Barua nitampa dereva wa vifurushi, naye atamwachia Bosire hapo sokoni Ikonge.

Haya, jambo lenyewe. Nilikuambia nimepata kazi kwenye kampuni inayotengeneza gemu za simu. Tuko watu sita, juu ya duka la vipuri vya baiskeli, na mkubwa wetu ni bwana mmoja anayeitwa Osewe. Gemu yetu inahusu vita vya mwaka 1908, Waingereza walipopanda milimani kwetu na bunduki, na mimi ndiye ninayechora silaha. Kila gemu ya vita huwa na silaha moja ambayo wachezaji wanaiota hata usingizini, na silaha hiyo sharti iwe na jina. Osewe alitaka mkuki wetu uitwe kwa jina la Otenyo, maana kila mtu amesoma shuleni jinsi Otenyo alivyomchoma ofisa wa Waingereza. Nikasimama nikasema Otenyo ana wengi wa kumsemea. Kwetu kuna mkuki ambao marehemu baba alikuwa akiutaja, mkuki wa babu yake Onyiego, uliorushwa na haukukosa. Osewe akasema, "Lete hadithi yake."

Hadithi yake sina. Baba alifariki kabla sijapata akili ya kuuliza. Katika watoto wa babu Nyasani umebaki wewe, na wewe ulimwona Onyiego kwa macho yako. Niambie alifanya nini na mkuki ule, na uko wapi leo. Gemu inatoka Desemba. Kuuliza si ujinga, ulitufundisha mwenyewe.

Mtoto wa kaka yako,
Nyanchera


Ikonge,
30 Machi 2025

Nyanchera mwanangu,

Barua yako ilifika siku ya nne, kwa hiyo usimlaumu dereva. Aliyekawia ni mimi.

Nimefurahi kusikia habari za ndama. Huku mvua imeanza vizuri, majani chai yanachipua kuliko mikono iliyopo, na Tryphosa, mke wa mwanangu, yuko shambani tangu alfajiri. Kanisani wamenihamishia benchi la mbele ili nisome midomo ya mhubiri. Nimegundua kwamba mahubiri mengi ni jambo moja lililosemwa mara nne. Nimeambiwa pia kwamba ninyi huko mnafanya kazi hata Sabato. Mimi sitasema kitu. Mungu naye ana kalamu nyekundu.

Sarufi yako ni nzuri. Kosa lako ni moja na si la sarufi. Agosti ulipokuja, ulikatiza kwenye migomba yangu umeziba masikio kwa vidude vya muziki, ukatokea mlangoni bila kuita. Mimi sikujua, Tryphosa ndiye aliyeniambia. Umelelewa likizo zako zote katika nyumba hii na sheria unaijua: hakuna apitaye kwenye migomba hii bila kutaja jina lake kwa sauti. Nilikuchapa kwa hilo ukiwa na miaka saba, na ningekuwa na nguvu ningekuchapa tena.

Kuhusu yale mengine. Babu yangu Onyiego alikuwa mfugaji na mkulima wa wimbi. Alikuwa mpole. Alifariki nikiwa na miaka kumi na mmoja. Hakuna hadithi. Tafuteni jina lingine, majina yamejaa tele. Mkitaka uiteni Linda, nao hautanyamaza.

Usiniulize tena jambo hili.

Shangazi yako,
Nyakerario


Kisumu,
18 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Kuhusu migomba nimekosa, naomba radhi. Mama anakusalimu sana. Jirani ameshajua kwamba kuna ndama mwenye jina lake na sasa hawasalimiani, hivyo amani imerudi.

Umeniambia nisiulize, nami nakuuliza. Kichwa hiki kigumu nimekirithi mahali, na si kwa mama. Mtu asiye na hadithi hawezi kuikalia barua wiki tatu nzima.

Nilipopata mapumziko ya siku mbili nilikwenda Nyamache, nikamtafuta binamu yenu, mzee Masese. Yeye hakukataa. Alisema Waingereza walipochoma nyumba, watu walijificha migombani, na Onyiego akapewa zamu ya kuwalinda wanawake na ng'ombe. Alfajiri moja akatokea askari peke yake, amevaa koti la kaki. Onyiego akarusha mara moja tu. Koti likahifadhiwa, likaonyeshwa watu miaka mingi, na wimbo ukatungwa. Mzee Masese aliniimbia wimbo huo huku analia. Lisemwalo lipo, Shangazi. Kwa nini unamficha shujaa wetu?

Nimeshauchora. Ukiurusha, jina ONYIEGO linatokea kwa herufi nyekundu na adui anaanguka. Haukosi hata mara moja. Tuliwaonyesha wanafunzi wa chuo wakapiga makofi.

Ila mambo mawili yananikosesha raha. La kwanza, mzee Masese anasema mkuki wenyewe haupo Nyamache na hajui ulikokwenda. La pili, kwetu mtu akifa jina lake hurudi kwa mtoto. Nimehesabu watoto wa ukoo wetu wote. Wanaoitwa Nyasani ni watatu. Onyiego hayupo hata mmoja. Ni shujaa gani huyo ambaye watu wake hawataki arudi?

Sitaacha kuuliza.

Nyanchera


Kisumu,
8 Juni 2025

Shangazi,

Leo ni wiki saba. Bosire anasema barua uliipokea mwenyewe ukaitia ndani ya Biblia. Tryphosa anasema u mzima, unakula vizuri, lakini umeacha kukaa barazani na unashinda ndani mlango umefungwa. Kama nimekuudhi, niandikie mstari mmoja tu kwamba nimekuudhi.

Osewe anataka hadithi ya mkuki kabla Julai haijaisha. Asipoipata kwangu, ataandika ile ya mzee Masese kama ilivyo. Nimemwambia angoje, kwa sababu mimi nakungoja wewe.

Nyanchera


Ikonge,
29 Juni 2025

Nyanchera mwanangu,

Watu wa huku wote ni wazima, na leo salamu ziishie hapo.

Hukuniudhi. Umenikumbusha kazi niliyokuwa naikimbia. Uongo wa mzee mmoja hufa naye, lakini huo wenu utaingia katika simu za watoto, na watoto hao wataufundisha kwa watoto wao. Nimefundisha miaka thelathini na minne. Siwezi kuacha jambo kama hilo lipite na mimi naliona.

Aliyevaa koti la kaki hakuwa askari. Alikuwa Osoro, mdogo wake Onyiego, tumbo moja.

Nyanya yangu Nyamoita, mke wa Onyiego, alijifungua mle mle migombani. Mtoto alikuwa baba yangu Nyasani. Nyanya hakuwa amekula siku tatu na maziwa hayakutoka. Osoro akasema atakwenda kutafuta unga. Alikaa siku mbili bila kurudi. Njiani akaokota koti lililoangushwa na wapagazi wa Waingereza, na kwa vile mvua ilikuwa inanyesha akalivaa, akaficha mfuko wa unga wa wimbi ndani yake usilowe. Aliporudi kulikuwa na ukungu. Hakuita, maana alijua askari wako karibu na aliogopa kuwaonyesha watu walipo. Alidhani kaka yake ataujua mwendo wake. Kaka yake hakuona mwendo, aliona koti.

Mkuki haukukosa. Hilo baba yako alisema kweli.

Walipomgeuza, nusu ya unga ilikuwa imemwagika. Nyanya aliniambia kwamba ule uliobaki waliukoroga uji siku hiyo hiyo, kwa sababu mtoto alikuwa analia. Baba yangu aliishi kwa unga ule. Mimi ninayekuandikia nimetokana na unga ule, nawe pia.

Wazee walikaa. Mtu akiua mtu wa ukoo mwingine, hulipa ng'ombe. Akimwua ndugu yake, amlipe nani? Wakaamua isemwe kwamba Osoro aliuawa na askari, na kwamba koti ni la askari aliyeuawa na Onyiego. Ndipo wimbo ukatungwa. Nilimwona babu kwa macho yangu: wimbo ule ulipoanza tu, alinyanyuka akaenda kwa ng'ombe. Hakushika kitu chenye makali tena. Hata mkungu wa ndizi nyanya ndiye aliyemkatia. Aliacha amri mbili, kwamba jina lake lisipewe mtoto yeyote, na kwamba mtu wa nyumba yake asipite migombani bila kuita. Nyamache wameisahau ya pili. Mimi niliibeba mpaka huku kwa wakwe, na mume wangu, Mungu amrehemu, alidhani ni wazimu wetu wa ukoo.

Mkuki ninao mimi. Nilipoolewa mwaka 1971 baba aliniletea umefungwa ndani ya gunia. Nikamwambia mkuki haupewi binti. Akasema, "Mtoto wa kiume hukaa. Wewe unaondoka. Ondoka nao." Uko darini juu ya moto wa jikoni, mweusi kwa masizi. Mume wangu alikufa akijua ni fito ya kuning'inizia mahindi ya mbegu.

Umesikia kwamba siketi barazani. Watu wakipita migombani huita, nami sisikii. Naona mgomba unatikisika na sijui ni nani. Nimewachapa watoto maisha yangu yote kwa kutoita, na leo wanaita na hakuna wa kuwasikia. Naogopa, Nyanchera. Sijui naogopa nini, maana sina hata kijiti mkononi, lakini naogopa.

Liondoe jina lile. Nakuamuru kama shangazi yako na kama mwalimu wako.

Nyakerario


Kisumu,
10 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Barua yako niliisoma ofisini nikashindwa kumaliza, nikapanda darini kwenye tangi la maji nikalia mpaka Pam, mwenzangu wa kazi, akanifuata. Asante kwa kuniambia. Mama nimemwambia pia. Akasema sasa anaelewa kwa nini baba hakukubali kunywa uji wa wimbi bila kuondoa kofia. Alifundishwa hivyo na babu Nyasani na hakuuliza sababu.

Jina nililiondoa jioni ile ile. Mkuki sikuuondoa.

Osewe alikasirika. Alisema hadithi ya mzee Masese ni tamu na ya kwako itaharibu gemu, hakuna anayenunua gemu ili ahuzunike. Nikamwambia hadithi ya koti ikiingia, michoro yangu yote inatoka, silaha arobaini na mbili, achore mwenyewe. Nikaweka ufunguo wa ofisi mezani nikaenda nyumbani. Shangazi, sikurudi nyuma. Siku ya tatu aliniita akasema, "Nakupa wiki tatu uifanye hadithi yako ichezeke. Ukishindwa, tunarudi kwa Masese."

Nimefanya hivi. Mkuki haukosi, kama zamani. Lakini kabla ya kurusha kuna mahali pa kugusa pameandikwa ITA. Ukiita, unapoteza muda, na adui akisikia anaweza kukimbia. Usipoita, unaweza kumpata adui. Ila mara nyingine anayekuja kwenye ukungu na koti la kaki ni mwenzako anayekuletea chakula, na gemu haikuambii ni nani. Ukimwangusha, harudi tena mpaka mwisho.

Waliojaribu walilalamika sana kwamba mkuki unawachelewesha. Pam hucheza kuliko sisi sote, na yeye akarusha bila kuita. Mwenzake akaanguka na unga ukamwagika kwenye majani. Pam aliilaza simu kifudifudi juu ya meza.

"Unaweza kumrudisha?" akaniuliza.

Nikasema hapana. Akaichukua simu akaanza upya tangu mwanzo, na akaita kila mara hadi akamaliza. Osewe alikuwa amesimama nyuma yake anatazama. Hakusema lolote juu ya Masese tena.

Sasa mkuki hauna jina. Nipe wewe, au uniambie niache wazi.

Na kuhusu baraza. Rudi ukae, Shangazi. Masikio yamestaafu lakini sauti yako haijastaafu, kijiji kizima ni shahidi. Ukiona mgomba unatikisika, wewe ndiye uite kwanza. Ni nani aliyesema mwenye nyumba hawezi kuita?

Nyanchera


Ikonge,
7 Septemba 2025

Nyanchera mwanangu,

Nimekutumia mkungu mmoja wa ndizi, mgawane na huyo Pam. Osewe naye apewe tano.

Maneno yako ya mwisho nimeyasoma mara nyingi. Zaidi ya miaka mia tumekuwa tukiwachapa wanaokuja kwa sababu hawakuita. Hata babu aliweka sheria hiyo akidhani ndiyo dawa. Kumbe Osoro hakuwa na kosa hata kidogo. Wa kuita alikuwa yule aliyeshika mkuki. Nimekuwa mwalimu muda wote huo, na jambo hili nimefundishwa na mtoto niliyemchapa. Kwa kile kiboko cha miaka saba naomba unisamehe. Kile cha kuiba sukari nakiacha palepale.

Mkuki usipewe jina la mtu. Uiteni ritimo, kama tunavyoita mkuki nyumbani, basi. Lakini nina ombi moja na sitalipunguza. Mchezaji akiita, yule mwenzake aitike kwa jina lake. Aseme: "Ni mimi, Osoro, nimeleta unga." Hakupewa nafasi ya kuitika. Mpe.

Nyakerario


Kisumu,
14 Desemba 2025

Shangazi,

Gemu imetoka Jumatatu iliyopita. Siwezi kukudanganya kwamba dunia imesimama. Wengine wanaisifu, wengine wanasema mkuki wetu ni wa watu wazembe. Mzee Masese hanisemeshi. Alimwambia mama kwamba nimeuvua ukoo nguo hadharani, nami nimeumia, maana nampenda mzee yule. Hata hivyo singefanya vingine. Mjukuu wake anaicheza kutwa nzima, na mama anasema mzee akipita karibu husimama kidogo.

Osoro anaitika. Sauti tulimrekodi mwanao alipokuja Kisumu, alikataa mara mbili kisha akaisema vizuri kuliko tulivyotarajia. Najua hutaisikia, kwa hiyo maneno yale yanaandikwa pia, na nimehakikisha herufi zake si punje za wimbi.

Nakuja Jumapili tarehe 28. Masikio yangu hayatakuwa na kitu.

Nyanchera


Ikonge,
4 Januari 2026

Nyanchera mwanangu,

Umeondoka juzi tu na tayari naandika, Tryphosa ananicheka. Mkuki niliuteremsha jana. Mpini umeliwa na mchwa, chuma bado ni kizima. Nimemtumia Masese ujumbe kupitia kwa mama yako aje autazame, na aje na wimbo wake, tuubadilishe maneno akiwa angali hai. Amejibu kwamba atafikiri. Kwa Masese, huko ni kukubali.

Kuna jambo sikukuambia ukiwa hapa, kwa sababu ulikuwa unazungumza na mimi nilikuwa nakutazama tu.

Jumapili ile nilikaa barazani tangu saa mbili asubuhi. Nikaona mgomba wa kando ya kisima unatikisika, kisha wa pili yake. Moyo ukaanza mambo yake. Nikashika mikono ya kiti nikaita kwa sauti yote niliyokuwa nayo, "Nani?" Sikusikia kitu. Nikangoja. Halafu ukatokea penye uwazi, na niliona mdomo wako ukisema, nikausoma vizuri kama ninavyomsoma mhubiri, ila wewe ulisema mara moja tu.

"Ni mimi, Nyanchera, nimeleta unga."

Na kweli ulikuwa nao, kilo mbili za wimbi, umeufunika kwa sweta usilowe. Nikanyanyuka nikaupokea, tukaingia jikoni tukakoroga uji.

Shangazi yako,
Nyakerario